Skrini ya Tseikuru si ya mpira pekee

Ligi Kuu ya Uingereza inapochezwa Jumamosi jioni, hakuna mtu katika miji midogo ya Kitui anayehitaji kufundishwa namna ya kutazama runinga na wenzake. Kibanda kina mabenchi, mlangoni kuna mtu wa kupokea ada, jezi nyekundu zimekaa upande huu na za buluu upande ule, na aliyechelewa anasimama. Saa ya mechi inajulikana. Mchezaji aliyeumia anajulikana. Hata maneno ya kumtania jirani baada ya bao yameandaliwa tangu Jumatano.

Muziki haujapewa heshima hiyo. Onyesho likirushwa moja kwa moja kutoka jukwaani, kila nyumba hulitazama kivyake, na vijana hulifuata kwenye simu, kila mmoja na visikizi vyake masikioni. Wimbo uliotungwa uchezwe na umati unaishia kusikilizwa na mtu mmoja aliyelala kitandani.

Tseikuru ina sababu nzuri kuliko Nairobi ya kubadilisha hali hiyo. Mji huu uko kaskazini mwa Kaunti ya Kitui, katika eneobunge la Mwingi Kaskazini, na wengi nje ya Ukambani wanaujua kama nyumbani kwa mwanasiasa Kalonzo Musyoka. Mkazi wa Nairobi akisikia kuna tamasha Uhuru Gardens hupanda matatu akafika. Wa Tseikuru ana zaidi ya kilomita 100 za barabara kufika Kitui mjini tu, na usiku hapati gari la kumrudisha. Kwake runinga ndiyo jukwaa lenyewe, na jukwaa linahitaji mtu wa kuliandaa: atakayewaita watu, achague mada ya usiku ule, apike, na ahakikishe picha haikatiki.

Fursa zipo. Oktoba 20, 2025, Sikukuu ya Mashujaa ilifanyika katika Uwanja wa Ithookwe, Kitui, na taifa zima likaitazama kaunti hii kupitia runinga. Ukambani ulikuwa umeiandaa sikukuu hiyo hiyo mwaka 2016, pale Machakos. Siku za namna hii huwa na kwaya, bendi za jeshi na ngoma za wenyeji, na watazamaji wengi wako mbali na uwanja. Mwaka 2025 mambo yalikwenda kwa namna ya pekee: mwanasiasa Raila Odinga alifariki Oktoba 15 akiwa India, akazikwa Bondo Oktoba 19, na kesho yake sherehe ya Kitui ikawa ya kumuenzi. Mwandalizi aliyewaambia wageni waje na rangi za kung'aa alipaswa kubadilisha mpango ndani ya siku chache. Angefanya vyema kufanya hivyo. Mada ya mkusanyiko hufuata kilichomo katika nyoyo za watu siku ile, na nyimbo za maombolezo nazo husikika vizuri zaidi zikisikilizwa na wengi.

Miezi miwili kabla ya hapo palikuwa na nafasi ya furaha tupu. Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa kwa pamoja michuano ya soka ya CHAN, iliyomalizika Agosti 30, 2025 uwanjani Kasarani, Morocco ikiifunga Madagascar mabao 3-2. Wimbo rasmi uliimbwa na Savara wa Kenya, Phina wa Tanzania na Elijah Kitaka wa Uganda. Nchi tatu, sauti tatu. Mada gani nyingine mtu angehitaji? Sufuria moja ya pilau, nyingine ya matoke, ya tatu ya muthokoi, na wageni wagawane leso za rangi za bendera tatu. Lakini katika vibanda vingi, dakika za muziki kabla ya mpira ni dakika za kuagiza chai, na mwenye kibanda huwa amepunguza sauti ili watu wabishane kuhusu kikosi.

Wapo watakaosema muziki hauna ushindani, na bila ushindani watu hawaketi. Historia ya hapa hapa kwetu inawapinga. Shindano la uimbaji runingani, Tusker Project Fame, lilipoanza mwaka 2006, Afrika Mashariki ilijifunza kutazama waimbaji kama inavyotazama timu. Valerie Kimani wa Kenya alishinda msimu wa kwanza. Baadaye taji likaenda kwa Esther Nabaasa wa Uganda, kisha Alpha Rwirangira wa Rwanda mwaka 2009, na mwaka 2013 likamwendea Hope Irakoze wa Burundi. Watu walipiga kura kwa ujumbe wa simu, wakagombana kuhusu nani alikosea ufunguo na nani aliimba kwa moyo, na Jumatatu mjadala ukaendelea kazini. Kipindi kile kilikuwa na mshindani wa kumshangilia na ratiba iliyojulikana.

Wazungu nao wameifanya kazi hii kwa bidii. Shindano la Eurovision, lililoanza mwaka 1956 mjini Lugano, Uswisi, limezaa desturi ya watu kukutana nyumbani, kila mgeni akibeba chakula cha nchi aliyopewa na karatasi ya kugawa alama. Hiyo karatasi ni wazo la kuchukuliwa bila aibu. Mtazamaji aliyepewa kalamu husikiliza kwa makini: anaamua kuhusu sauti, gitaa, mavazi, uchezaji, halafu anajitetea mbele ya wenzake. Kisichofaa kuchukuliwa ni mada na saa za ughaibuni. Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, ni mfano mzuri. Onyesho la muziki la Kendrick Lamar huko, Februari 9, 2025, lilitazamwa na watu milioni 133.5 kwa hesabu ya Marekani, lakini saa za Kenya lilianguka karibu saa kumi alfajiri ya Jumatatu. Kijana wa Tseikuru anayetaka kuliona ana haki yake. Kukusanya mtaa mzima alfajiri, watoto wakiwa na shule, ni kuanza jambo jema kwa mguu mbaya.

Mada iko nyumbani, tena nyingi. Kakai Kilonzo, aliyefariki mwaka 1987 akiwa bado kijana wa miaka thelathini na kitu, aliipeleka benga ya Kikamba kote nchini akiwa na Kilimambogo Brothers, kwa sababu aliimba Kikamba na Kiswahili pia. Kalambya Sisters walitamba miaka ya mwanzo ya 1980. Leo kuna Ken wa Maria, Katombi na Maima, ambao mashabiki wao wana ubishi mkali kama wa Arsenal na Manchester United. Usiku ambao mmoja wa hawa anapiga muziki runingani, mwandalizi anaweza kuuita usiku wa Kilimambogo na kuomba wageni waje na suruali za bugaluu, viatu vya raizoni, mashati ya kola ndefu. Nguo hizo bado zimo masandukuni mwa wazee. Kabla ya matangazo kuanza, mzee mwenye santuri apewe kiti cha mbele aeleze aliinunua lini, na ilikuwaje kwenda River Road, Nairobi, wakati barabara ile ndiyo iliyokuwa kitovu cha biashara ya santuri nchini. Vijana watamsikiliza, kwa kuwa dakika chache baadaye watalisikia gitaa lile lile likitoka kwenye spika.

Kuna mpaka mmoja wa kuheshimiwa. Kilumi, ngoma ya kina mama wazee, inahusiana na uponyaji na kuomba mvua. Katika nyika inayokaa misimu mizima ikingoja mvua, kuigiza kilumi kwa mavazi ya kukodi ili watu wapige picha ni kukosa adabu. Wanaoijua wakialikwa waicheze wenyewe, ni sawa. Myali na ngoma nyingine za vijana hazina uzito huo, na hapo ndipo mbwembwe ziruhusiwe.

Kisha kuna kazi yenyewe ya kuandaa, na hapa ndipo mikusanyiko mingi hufia. Tseikuru kuna joto, na chumba cha mabati kikijaa watu hakikaliki. Nje ni bora: shuka jeupe lililofungwa kati ya miti miwili, projekta ya kuazima kutoka kanisani au shuleni, na ncha za chini za shuka zifungwe pia, la sivyo upepo wa jioni utaipinda sura ya mwimbaji. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, giza linaingia karibu saa moja mwaka mzima. Onyesho la saa kumi alasiri halitaonekana kwenye shuka. Litahitaji runinga na kivuli. Spika ziwekwe mbele, karibu na picha, maana sauti ikitoka nyuma watu hugeuza shingo usiku kucha.

Stima isiaminiwe. Ijumaa ya Agosti 25, 2023, karibu nchi nzima ilizama gizani usiku, hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Mwandalizi mwenye busara huwa na betri iliyojazwa kwa sola au jenereta ya jirani iliyokwisha kujaribiwa mchana, yenye mafuta ndani. King'amuzi nacho kijaribiwe siku moja kabla. Tangu Kenya ilipohamia matangazo ya dijitali mwaka 2015, ishara mbovu haileti tena picha yenye chenga ambayo mtu angeivumilia. Picha hukwama, kisha hutoweka. Jambo dogo lakini linaudhi: matangazo ya simu huchelewa nyuma ya runinga, na redio mara nyingi huitangulia runinga. Mgeni mmoja mwenye redio mfukoni atamtaja mwimbaji anayefuata kabla wenzake hawajamwona. Redio na simu zizimwe.

Kuhusu chakula, muthokoi hauna mpinzani kwa usiku wa namna hii. Mahindi hulowekwa kidogo, yakatwangwa kinuni hadi ganda litoke, yakapepetwa, kisha yakapikwa polepole kwa saa kadhaa na maharagwe au mbaazi. Sufuria ikiwekwa motoni adhuhuri, jioni iko tayari, na onyesho likichelewa saa mbili chakula hakiharibiki. Hukaa juu ya makaa kikizidi kulainika. Chipsi hazina uvumilivu huo. Chai ya tangawizi na asali ya Mwingi, ndengu, nyama ya mbuzi kwa wenye uwezo. Na maji ya kunywa yatafutwe mapema, madumu yakae kivulini, kwa sababu katika eneo hili maji si kitu cha kukumbukwa wageni wakiwa wamefika.

Pombe ndiyo inayoharibu. Mkusanyiko ukipelekwa baa, watoto na nyanya wameachwa nje, nao ndio wanaoupa muziki huu maana ya kijamii. Isitoshe, sheria ya vileo ya mwaka 2010 inataka baa zifungwe saa tano usiku, wakati ambapo msanii mkubwa ndiyo kwanza anapanda jukwaani. Uwanja wa nyumbani ni bora zaidi, mradi sauti ipunguzwe kwa kuwahurumia majirani. Wazazi nao wakumbuke kwamba kanuni za utangazaji huwalinda watoto hadi saa nne usiku tu. Baada ya hapo vituo vina ruhusa ya kuonyesha mambo ya watu wazima.

Mwenye kutoza kiingilio ana wajibu mwingine. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamtaka anayechezesha muziki hadharani kibiashara awe na leseni. Wafanyabiashara wengi huiona leseni hiyo kama usumbufu. Lakini mtu anayesema anampenda mwimbaji kama Kativui au Ken wa Maria, akakusanya pesa kwa sauti zao, kisha akakwepa ada inayokusudiwa kuwafikia, anawadhulumu, na upenzi wake hauipunguzi dhuluma hiyo.

Sehemu kubwa ya lawama, hata hivyo, haimwangukii mwandalizi wa kijijini. Ratiba ya ligi ya Uingereza hutolewa kabla msimu haujaanza, na mwenye kibanda cha Tseikuru anaweza kujipanga kwa miezi. Muziki wetu hutangazwa kwa kupiga kelele za usikose, bila kuambiwa nani ataanza, nani atafuata, wala saa ngapi. Hakuna anayeweza kuloweka mahindi kwa ajili ya onyesho lisilo na saa. Jamhuri huadhimishwa Desemba 12 kila mwaka, na orodha ya bendi na vikundi vya ngoma lazima iwe mezani kwa waandalizi wa sherehe hiyo ya taifa kabla ya siku yenyewe. KBC na vituo vingine viichapishe wiki moja mapema pamoja na saa za kila kikundi, na Musyi FM na Mbaitu FM ziisome kwa Kikamba asubuhi na jioni, jinsi zinavyosoma matangazo ya vifo, ili anayeishi Tseikuru ajue siku gani akaazime projekta.