Kamba ya viatu inakuua bei

Wadau wa modeli za malori, leo naongea hata kama mtanuna. Wengi tunaua bei kwenye mipira ya upepo, ile inayotoka kwenye kichwa kwenda kwenye trela. Lori umelichonga vizuri, tairi safi, halafu nyuma ya kebini umefunga kamba ya viatu! Mteja akikuza picha anaona kitu cha kuchezea watoto.

Piga hesabu kwanza. Mpira wa milimita 12 kwenye lori halisi, kwa kipimo cha 1:24 unabaki nusu milimita. Kamba haifiki hapo, na ina manyoya yanayoonekana hata kwa simu ya kawaida.

Chukua waya wa chaja mbovu, uchane kwa wembe (usichome moto, shaba inakuwa nyeusi). Ndani kuna nyuzi nyembamba kama nywele. Sokota chache pamoja. Kupima unene, zungushia kalamu mara 10 zikiwa zimebanana: zikichukua milimita 5 kwenye rula, umepatia. Kisha zungushia kijiti cha meno, kitoe, vuta kidogo, tayari una springi. Pitisha gundi nyeupe ijaze mistari ya msokoto, ikikauka paka rangi. Ukipaka kabla ya kukunja itapasuka. Mmoja mwekundu, mmoja wa njano.

Mimi nimewahi kurudishiwa lori kwa sababu ya hizo kamba, na nauli ya kurudisha nikalipa mwenyewe. Kwa hiyo ukilalamika kwamba wateja wanaomba punguzo, nitumie kwanza picha ya nyuma ya kebini.