Neno la Mhariri: Usichomoe

Mwaka 1403, katika vita vya Shrewsbury huko Uingereza, mshale ulimwingia mwanamfalme Henry, kijana wa miaka 16, kando ya pua. Uti ukatolewa, kigumba kikabaki kina cha inchi 6, kimenasa kwenye mfupa wa nyuma wa fuvu. Waganga kadhaa walijaribu kukitoa wakashindwa. Mpasuaji John Bradmore hakukivamia. Alipanua njia ya jeraha kidogo kidogo, akabuni koleo jembamba la kuingia ndani ya kigumba, akakitoa kwa njia ileile kiliyoingilia, kisha akasafisha kidonda kwa divai nyeupe na kukiacha kifunge taratibu. Kijana alipona. Mwaka 1413 akawa mfalme.

Makala za toleo hili zinaonyesha jinsi vifaa vya kutoa vitu vilivyonasa ndani ya fuvu vilivyobadilika. Leo kipimo cha CT na picha za mishipa ya damu hutangulia kisu, na kamera nyembamba ipitayo puani humfikisha daktari mahali ambapo zamani ilibidi fuvu lifunguliwe. Kitu kikishatoka, tundu huzibwa, maana majimaji ya ubongo yakiendelea kuvuja puani, vijidudu hupata njia ya kuleta homa ya uti wa mgongo.

Kanuni ya Bradmore, hata hivyo, ni ileile: ijue njia kabla ya kuvuta. Kwenye sakafu ya fuvu, ambako ubongo umekaa, hupita mishipa ya karotidi na neva za macho. Paa la tundu la jicho ni jembamba kiasi kwamba penseli ya mtoto aliyeanguka yaweza kulitoboa. Na kitu kilichonasa huenda ndicho kinachoziba mshipa uliokatika. Kikichomolewa, damu hububujika mahali ambapo hakuna kidole kinachofika.

Kwa hiyo upasuaji huu huharibika au kuokolewa kabla ya hospitali, mikononi mwa mzazi, jirani au dereva wa bodaboda. Wengi huchomoa kwa huruma. Tunawasihi: kiacheni kilipo, kizungushieni vitambaa kisitikisike, na mwahisheni majeruhi. Mwelezeni daktari kama ni chuma au mti. Chuma huweza kusogezwa na sumaku ya MRI, na mti kwenye picha ya CT huweza kudhaniwa ni hewa tupu. Haraka iwe ya miguu, isiwe ya mikono.