Kamusi Elezo Haigawi Nishani

Kuna watu wakisikia kwamba mtu mzima amekesha akiandikia kamusi elezo makala ya katuni ya watoto, tena katuni ambayo hata jirani yake hajawahi kuisikia, wanacheka. Wakimaliza kucheka wanauliza: yaani marais wamekwisha, vita vimekwisha, magonjwa yamekwisha, sasa tumefika kwenye vibonzo? Nyuma ya kicheko hicho kuna imani iliyoenea sana, na wasomi ndio wanaoishikilia zaidi: kwamba kamusi elezo ni baraza la mambo mazito, na kitu kikiingia humo kimeheshimiwa. Imani hiyo ni potofu, na imeshatugharimu.

Tuanze na huo uzito. Mwezi Julai 2007 mtu mmoja aliandika katika Wikipedia ya Kiingereza makala ndefu kuhusu vita kati ya Wareno wa Goa na Dola ya Maratha, mwaka 1640 hadi 1641. Makala ilikuwa na tanbihi na orodha ya vitabu, kila kitu mahali pake. Miezi michache baadaye ikapandishwa daraja na kuhesabiwa miongoni mwa makala nzuri. Ikakaa hivyo zaidi ya miaka 5, hadi mhariri mmoja mwishoni mwa 2012 alipoamua kuvisaka vile vitabu na kukuta havipo. Vita vyenyewe havikuwahi kupiganwa. Kilichovilinda muda wote huo ni sura yake tu: Wareno, karne ya 17, majeshi, mapatano ya amani. Nani angeuliza kama vinastahili? Katika miaka hiyohiyo vibonzo vya kweli, ambavyo watoto wa kweli walivitazama, vilikuwa vikijadiliwa kwa dharau na kufutwa.

Wala kamusi elezo hazikuzaliwa na majivuno hayo. Denis Diderot, mtoto wa mfua visu wa mji wa Langres, alipoanza kuchapisha Encyclopédie huko Paris mwaka 1751, alijaza humo mashine za kufuma soksi na namna ya kutengeneza pini. Kazi ilipokamilika mwaka 1772 kulikuwa na juzuu 17 za maandishi na 11 za picha, na picha nyingi ni za karakana. Kwa waungwana wa zama zile pini haikuwa elimu. Leo mwanahistoria akitaka kujua fundi wa Ufaransa wa karne ya 18 alisimama wapi na kushika nini, anafungua picha hizohizo.

Sisi wenyewe hatuko mbali na majivuno hayo. Fungua Wikipedia ya Kiswahili, ambayo ipo tangu 2003, utazame makala za kata za Tanzania. Nyingi ni mbegu za mistari miwili mitatu: kata iko wilaya fulani, postikodi yake ni hii, sensa ilihesabu wakazi kadhaa. Sizibezi, na zibaki. Lakini sijamsikia mtu akizihoji, kwa sababu kata ni jambo la serikali. Katuni, hata kama imetazamwa na watoto wa kata hamsini, itahojiwa siku hiyohiyo ilipowekwa.

Makala si nishani. Ni mahali pa kuweka mambo yanayoweza kuhakikiwa, basi. Kwa hiyo katuni isiyojulikana haipaswi kuulizwa ina faida gani kwa taifa. Iulizwe hivi: yupo mtu asiye na maslahi nayo, yaani si studio, si mfadhili, si kituo kinachoirusha, aliyeandika juu yake kwa kina, mahali ambapo mimi na wewe tunaweza kwenda kusoma? Akiwepo, makala iandikwe, hata kama katuni yenyewe ni ya kipuuzi. Asipokuwepo, isiandikwe, hata kama ni nzuri kupindukia.

Najua kipimo hiki kinawaudhi pia wale wanaotaka kila kitu kiingie. Wanakuja na idadi ya watazamaji wa YouTube na kurasa za studio yenyewe. Idadi ya watazamaji inaniambia video ilifunguliwa mara ngapi. Hainiambii nani alichora, wala hadithi ilitoka wapi. Ukurasa wa studio ni tangazo, na makala iliyojengwa juu ya tangazo nayo ni tangazo. Pia kuna njia ya katikati. Zamani katika Wikipedia ya Kiingereza karibu kila kiumbe wa Pokémon alikuwa na makala yake. Baadaye wengi wakaunganishwa katika orodha, na elimu haikupungua. Katuni yenye habari za aya moja ipewe aya moja ndani ya makala ya studio au ya kituo cha televisheni.

Sasa hapa ndipo pananiuma, maana kipimo ni cha haki ila hakimwangukii kila mtu sawa. Chukua katuni ya *Tinga Tinga Tales*. Ilitengenezwa Nairobi na studio ya Homeboyz, kwa mtindo wa uchoraji ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga, ikarushwa na CBeebies ya BBC kuanzia 2010, kisha na Disney. Vipindi 52. Ina makala yake bila ubishi, kwa sababu Uingereza kuna watu wanaolipwa kuandika kuhusu vipindi vya watoto. Mwaka huohuo wa 2010, kundi la muziki la Just A Band la Nairobi lilitoa video ya wimbo "Ha-He" yenye shujaa aitwaye Makmende, na Kenya nzima ya mtandaoni ikamshika na kumtungia visa. Makala yake katika Wikipedia ya Kiingereza ilifutwa. Ilikuja kutulia baada ya vyombo vya habari vya Marekani kumwandika. Mhariri wa mbali aliona upuuzi mtupu, na kwa hilo namlaumu, ila angetafuta gazeti la hapa lililomchambua Makmende siku zile za mwanzo angepata nini?

Maana sisi magazeti yetu tunayajua. Katuni ikizinduliwa, picha ni ya mgeni rasmi katikati ya wafadhili, wote wameshika bango. Aya ya kwanza, mgeni rasmi anawataka wazazi wasimamie maadili. Ya pili, mfadhili anaeleza anavyojali elimu. Ya tatu ni fedha. Ya nne, mgeni rasmi tena. Jina la katuni limeandikwa kwa namna mbili tofauti, na mchoraji hayupo kabisa. Unaweza kusoma habari nzima usijue katuni inahusu mtoto, sungura au trekta, kwa sababu mwandishi hakutazama hata kipindi kimoja. Miaka mitatu baadaye studio imefungwa, tovuti haikulipiwa, kituo kimefuta mafaili kupata nafasi, na taarifa ile ya bango ndiyo kumbukumbu pekee iliyobaki.

Kumbe kuichunguza katuni kwa kina kunawezekana. Katuni ya *Akili and Me* ya shirika la Ubongo, inayotengenezwa Dar es Salaam, ilifanyiwa utafiti na mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Maryland kwa watoto wa Morogoro, matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Hicho ni chanzo. Inasikitisha kidogo kwamba ilibidi mtu avuke bahari kuja kuangalia watoto wetu wakiangalia televisheni, lakini angalau aliwaangalia.

Kwa hiyo anayecheka makala za katuni ahamishie kicheko chake kwenye dawati la burudani. Mhariri wa pale ana nafasi ya maneno 400 Jumamosi hii. Amtume mwandishi akatazame vipindi vinne, kisha amuulize mtayarishaji: nani alichora, nani waliingiza sauti, vimetoka vipindi vingapi, vilianza kurushwa lini na kituo gani, kisa kimechukuliwa wapi? Na kama katuni ni mbovu, aandike kwamba ni mbovu na aonyeshe wapi. Kwa kamusi elezo, uhakiki wa kuiponda unafaa sawasawa na wa kuisifu.