Herufi si Lugha: Mkasa wa Neno "Mir"

Wapo wafasiri wa Kiswahili wanaoshikilia kwamba mtu akishajifunza herufi za Kikirili na kujipatia kamusi moja ya Kirusi, mlango wa ushairi wa mataifa yote yaandikayo kwa herufi hizo umekwisha kumfungukia. Urusi, Ukraine, Bulgaria, Serbia, hata Tajikistan na Mongolia: kwao hiyo ni nyumba moja yenye vyumba vingi, na ufunguo wake ni mmoja. Kauli hii husemwa kwa kujiamini, tena aghalabu husemwa na watu ambao wangehamaki wangeambiwa kwamba Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa 1858 na kuandikwa kwa hati za Kiarabu, ni kazi ya Kiarabu. Mwarabu wa Cairo aweza kuzitamka herufi za utenzi ule (si bila ya kujikwaa, maana sauti za p, v na ch zitamhangaisha) na asiambulie maana ya ubeti hata mmoja. Jambo lililo wazi kama jua Lamu na Unguja husahauliwa mara tu linapovuka bahari.

Neno moja fupi latosha kuibomoa hoja hiyo. Lina herufi tatu: мир, nalo hutamkwa mir.

Katika Kirusi cha leo neno hili ni amani, na ni dunia pia. Hapo zamani lilikuwa vilevile jina la jumuiya ya wakulima wa kijiji, waliomiliki ardhi kwa pamoja na kugawana sehemu za kulima. Kabla ya mageuzi ya tahajia ya 1917 na 1918 jicho lilikuwa na msaada: amani iliandikwa миръ, na dunia ikaandikwa міръ, kwa herufi nyingine ya i. Sikio halikutofautisha, ila kalamu ilitofautisha. Mageuzi yale yaliiondoa herufi і katika Kirusi, na tangu hapo maneno mawili yakavaa kanzu moja.

Hasara yake yaonekana vyema katika vitabu viwili. Riwaya ya Tolstoy ilipochapishwa kamili mwaka 1868 na 1869, jina lake liliandikwa kwa herufi ya amani, na hivyo ndivyo lilivyojulikana hadi mwandishi alipofariki 1910. Ipo hekaya iliyoenea mno, hata nchini Urusi kwenyewe, kwamba Tolstoy alikusudia "Vita na Dunia" na kwamba mageuzi ya tahajia yalimdhulumu. Ni hekaya tupu, lakini hupendwa kwa sababu humfanya anayeisimulia aonekane mjuzi wa siri. Ajabu ni kwamba dhulma hiyo ilitokea kweli, ila aliyedhulumiwa ni mshairi. Vladimir Mayakovsky alitunga shairi refu miaka ya 1915 na 1916, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, akaliita kwa maneno yaleyale ya Tolstoy, lakini akaandika міръ, kwa herufi ya dunia. Herufi moja tu ndiyo iliyokuwa kejeli yake yote: yule mtu mkubwa alisema vita na amani, kijana huyu akasema vita na ulimwengu unaoteketea. Shairi likatoka kitabu 1917. Baada ya mageuzi, majina ya kazi hizo mbili hayapambanuki tena machoni. Mwenye kamusi moja atafasiri yote mawili "Vita na Amani", na kejeli ya mshairi itakuwa imezikwa bila ya matanga.

Hayo ni ndani ya Kirusi peke yake. Sasa msomaji avuke mpaka.

Kwa Waukraine wa leo мир kwa kawaida ni amani. Dunia ni neno jingine, світ, yaani svit. Hata matamshi si yaleyale, kwani herufi и kwa Kiukraine si i kamili. Imeelemea upande wa e. Kwa Wabelarusi mambo hupinduka kwa namna ya kuchekesha: wao hawana kabisa herufi и, kwa hiyo amani huiandika мір, kwa herufi ileile ambayo katika Kirusi cha kale ilikuwa alama ya dunia! Mtu aliyejifunza kanuni ya kale ya Warusi na kujiona amebobea, akiishika karatasi ya Minsk ataigeuza amani kuwa dunia kwa ujasiri mkubwa. Wabulgaria, Waserbia na Wamasedonia nao wanalijua mir kuwa ni amani, na Waserbia hulitumia pia kwa utulivu na ukimya.

Dunia basi iko wapi huko kusini? Waserbia na Wamasedonia huiita свет, svet, na Wabelarusi vivyo hivyo. Naye Mrusi akiliona neno hilo, la kwanza limjialo akilini ni nuru. Dunia wamo nayo humo, lakini hujificha katika misemo michache. Mfasiri aliyezoea Kirusi akikutana na beti za Belgrade zinazolalamika kwamba svet umechoka, atawaletea Waswahili mwanga uliofifia mahali pa ulimwengu uliochoka. Na atasifiwa. Ndiyo hatari yenyewe, kwamba kosa la namna hii halinuki. Laja likiwa limejipamba, na huenda likapendeza kuliko asili.

Tukiwaacha Waslavi, hali yazidi kuwa nzito, na kwa msomaji wa pwani yazidi kuwa tamu. Watajiki, ambao lugha yao ni tawi la Kiajemi, waliandika kwa hati za Kiarabu kwa karne nyingi kabla ya dola ya Kisovieti kuwapa herufi za Kilatini, kisha za Kikirili. Noti yao ya somoni 10 ina picha ya mwanachuoni wa karne ya 14, Mir Sayyid Ali Hamadani, aliyezikwa mjini Kulob. Mir ya jina lake huandikwa kwa herufi zilezile tatu, мир. Nayo si amani wala si dunia. Ni neno la Kiarabu, amiri, lililokatwa kichwa. Ndilo hilo la amiri jeshi. Amani kwa Kitajiki ni сулҳ, sulh, ambayo ni suluhu yetu. Dunia ni дунё, na hilo halihitaji mfasiri. Mkataba uliomaliza vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe ulitiwa saini Moscow mwezi Juni 1997: kwa Kirusi ulikuwa mkataba wa mir, kwa Kitajiki ulikuwa wa sulh. Mswahili aliyekaa barazani Malindi aweza kuusikia upande wa Kitajiki kuliko Mrusi aliyeuchapisha, kwa kuwa njia ya bahari ilimletea maneno yaleyale. Wakazaki nao wana дүние, dunia, ambayo kwao ni pia mali na vitu vya nyumbani. Wazee wetu wanaomsema mtu kuwa "anaipenda dunia" hawangeshangaa.

Watetezi wa kamusi moja wana jibu lao: muktadha utaonyesha. Ni jibu linalofaa kwa barua ya forodha. Ushairi hauendi hivyo, kwani mshairi mara nyingi hukusudia maana zote mbili zisimame mlangoni pamoja, wala asiruhusiwe mtu kuchagua. Kaulimbiu ya Kisovieti iliyopakwa kutani miji mingi, Миру мир, ilikuwa na neno moja lililorudiwa kwa mnyambuliko tofauti: amani kwa ulimwengu. Kwa Kiswahili mwangwi huo hupotea, na mfasiri mwaminifu hana budi kutafuta mwangwi mwingine au kukiri kwa msomaji kwamba ulikuwepo. Chombo cha anga cha Mir kilichorushwa Februari 1986 na kuangushwa katika bahari ya Pasifiki Machi 2001 kilielezwa na magazeti ya nje mara kuwa "Amani", mara kuwa "Dunia". Magazeti hayo hayakugombana kwa kuwa hayakujua kuwa yanagombana.

Wengine husema afadhali kupitia Kiingereza, kwani wafasiri wa huko wamekwisha kuyapatanisha haya. Wamekwisha kuhukumu, hawajapatanisha. Anayefasiri kutoka Kiingereza hupokea hukumu bila ya kuisikia kesi. Neno lililokuwa na maana mbili humfikia likiwa na moja, naye hawezi kujua kwamba ya pili iliachwa njiani.

Na asidhani mtu kwamba huu ni mchezo wa wapenda kamusi. Dola ya Urusi imelitumia neno hili katika msemo wa Russkiy mir, yaani "ulimwengu wa Kirusi", na mwaka 2007 Putin aliamuru kuundwa kwa taasisi yenye jina hilo. Jirani wa Kiev anaisikia ndani ya msemo huo sauti ya amani, kwa kuwa katika lugha yake ya leo hiyo ndiyo maana ya kawaida ya mir. Tangu uvamizi wa Februari 2022 sauti hiyo imekuwa kejeli chungu kinywani mwake. Ndiyo maana Waukraine aghalabu hawaufasiri msemo huo kwa neno lao svit; huuandika kama Mrusi anavyoutamka, ili ubaki mgeni na ujulikane kuwa mgeni. Mfasiri wa Kiswahili akikutana nao katika shairi la Kiukraine na kuandika "ulimwengu wa Kirusi" tu, amesema kweli ya kamusi na kukiacha kilio nje.

Wenye majarida wana uwezo wa kudai mambo machache. Shairi lolote lililofasiriwa litajwe lugha yake kwa jina, isiandikwe "kutoka Kikirili" kana kwamba hati ina mdomo. Utajwe mwaka wa kuandikwa, maana kabla na baada ya 1918 si mamoja. Na kichwa cha asili kichapwe kwa herufi zake, hata kama wasomaji wengi hawazisomi. Huyu Mayakovsky, kwa mfano, Kiswahili chaweza kumrudishia kile ambacho Kirusi chenyewe kilimpokonya: "Vita na Amani" iwe ya Tolstoy, na ya kwake iwe "Vita na Dunia", kila moja na jina lake katika rafu moja.