Toleo jipya ni la nani?

Ukiingia katika vyumba vya Pley vya Mulongwe au Kimanga na kuuliza vijana wanacheza toleo gani la mpira, usishangae wakikuonyesha disiki ya PES 2013. Baadhi ya wachezaji waliomo kwenye disiki hiyo leo ni makocha. Lakini timu zinazoonekana kwenye televisheni si za 2013. Vijana wameingia katika sehemu ya kuhariri, wamefuta majina na kuandika mapya herufi kwa herufi kwa maneti, wamehamisha watu kutoka klabu hii kwenda ile. Kila dirisha la usajili la Ulaya linapofungwa, kazi inaanza upya. Ni kazi ya wahariri, hata kama hakuna anayewaita hivyo.

Mwenzetu mmoja wa fakulti aliniambia huo ni umaskini tu: wangekuwa na pesa wangenunua mpya. Kwa sehemu ana haki. Hata hivyo, jibu lake halielezi kilichotokea 2021, tena kwa watu wenye pesa. Kampuni ya Konami iliacha jina la PES lililodumu miaka 20, ikaleta eFootball, ikaitoa bure tarehe 30 Septemba mwaka huo. Ikapokewa kwa kicheko na hasira. Sura za wachezaji zilikuwa zimepotoka, timu chache, namna za kucheza chache kuliko zile ambazo watu walishazizoea. Kwenye duka la Steam ikawa miongoni mwa michezo iliyopata alama mbaya kuliko yote, na kampuni ikaomba radhi.

Sura zilizopotoka zilirekebishwa baadaye. Lile lisilorekebishwa ndilo linalotugusa huku: mchezo uliokuwa mali yako umegeuka mchezo wa kuazimwa, unaotaka intaneti ili ufunguke. Disiki ni yako. Umeme wa SNEL ukirudi saa tano za usiku, unacheza saa tano za usiku, na hakuna anayekuuliza umebakiza megabaiti ngapi. Toleo jipya, bure kama lilivyo, kwa kijana wa Kalundu lina bei kuliko la zamani.

Nilikuja kuelewa jambo hili vizuri zaidi kwa kusoma habari za mchezo ambao hapa Uvira wachache wanaujua, Dungeons & Dragons. Hauna televisheni wala maneti. Watu wanakaa mezani. Mmoja anasimulia, wengine kila mmoja anabeba mhusika wake na kusema anafanya nini, na dadu zinaamua kama amefaulu. Fikiria bibi anayetamba ngano jioni, halafu anasimama katikati na kukuuliza: wewe Sungura, sasa unafanyaje? Mchezo huo ulitoka Marekani mwaka 1974 na kila baada ya miaka kadhaa unapata toleo jipya la sheria. Toleo la nne, la 2008, liliwachukiza wachezaji wengi kiasi kwamba kampuni nyingine ilichukua sheria za zamani, ikazinyoosha, na mwaka 2009 ikazitoa kwa jina la Pathfinder. Iliweza kufanya hivyo kwa sababu tangu 2000 palikuwa na leseni iliyoruhusu watu wengine kutumia sheria zile.

Januari 2023 ikavuja rasimu ya leseni mpya iliyotaka kuifuta ile ya 2000. Hapo mashabiki hawakulalamika kuhusu sheria ya dadu wala nguvu za mchawi. Walikata malipo yao ya kila mwezi kwa kampuni, wengi kwa pamoja. Kabla mwezi haujaisha kampuni ilirudi nyuma: leseni ya zamani ikabaki, na sheria za msingi zikawekwa wazi kwa yeyote kuzitumia. Mwaka 2024 vitabu vipya vilipotoka, na hata neno lililomaanisha “kabila la damu” la mhusika likabadilishwa, watu walibishana sana, lakini ulikuwa ubishi wa kawaida. Kila meza ilijua kwamba ikitaka itabaki na kitabu chake cha zamani.

Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka tuishike. Kuna kukataa toleo jipya kwa sababu ya mazoea, na mazoea hayana haki ya pekee. Mimi mwenyewe nimechukia vitu vipya ambavyo baada ya mwezi nilivipenda. Na kuna kukataa kwa sababu mtu amekuja kukuambia kwamba ulichokuwa ukicheza si mchezo tena. Mchezo wa mbegu na mashimo unachezwa pande zote kutuzunguka: igisoro Rwanda, ikibuguzo Burundi, omweso Uganda, bao Zanzibar. Mistari minne, mashimo 32, mbegu 64, na sheria zinazotofautiana. Hakuna toleo la kwanza wala la tano. Mgeni mwenye adabu akifika mezani huuliza kwanza: hapa mnacheza vipi?

Sasa tuje kwetu. Kiswahili Sanifu ni toleo. Lina tarehe: mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi 1930 kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Kongo, iliyokuwa chini ya Ubelgiji, haikuwamo. Sisi tulikuwa tayari tunacheza. Silitukani toleo hilo. Ndilo ninaloandikia hapa, na bila hilo msomaji wa Dar es Salaam asingenielewa upesi. Lakini angalieni namna tunavyolitumia darasani. Mtumbwi ukitoka Kigoma, samaki ni dagaa na migebuka. Ukifika Kalundu, samaki walewale ni ndagala na mukeke. Mwanafunzi akiandika “dagaa” anapita. Akiandika “ndagala” anapata mstari mwekundu, ingawa mama yake ameuza ndagala maisha yake yote na amemlipia masomo kwa ndagala. Mstari ule hausemi “hili ni neno la pwani ya kaskazini.” Unasema “kosa.” Ni ile rasimu ya Januari 2023: kufuta leseni ya zamani.

Najua walimu wetu watajibu kwamba mtihani unahitaji kipimo kimoja. Sawa, kiwepo. Mtu aandike “batu” katika insha ya sanifu, akosolewe, maana amechanganya matoleo mawili katika mechi moja. Lakini ndagala ni neno lililokomaa, lenye soko lake na bei yake, na hakuna sheria ya sarufi linayoivunja.

Tangu 2022 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Kamisheni ya Kiswahili ya Jumuiya hiyo iko Zanzibar. Matoleo yajayo ya kamusi yataandikwa, tukiwepo au tusipokuwepo. Kwa hiyo naomba jambo dogo: kila mwanafunzi wa mwaka wa pili akusanye maneno 30 ya sehemu moja tu, bandari ya Kalundu, soko, mashamba ya Kiliba, na kwa kila neno aandike nani analitumia na kwa kitu gani. Mwalimu ayapitie, yachapwe kwa mashine ya kopi, nakala moja ibaki maktaba na nyingine itumwe Zanzibar. Vyumba vya Pley nimevichukua mimi. Mpaka leo nina maneno 11, na bado nabishana na wenye chumba cha Kimanga kuhusu tahajia ya “maneti.”