Duka la Mgeni, Kipimo cha Mwenyeji



Wazee wetu walituachia neno: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumezoea kulitamka mtu anapobisha hodi akiwa na kifurushi mkononi. Leo tunapenda kulitafakari kwa ajili ya mgeni wa namna nyingine, yule anayefika mikono mitupu, kisha baada ya miaka michache anafungua duka. Watoto wetu wengi wamefanya hivyo ng'ambo, nasi tunajivunia. Wapo pia wageni wa namna hiyo katika masoko yetu wenyewe, na hao hatujivunii. Juu ya tofauti hiyo ndiyo tunaandika.

Familia nyingi zilizotoka Masisi na Walikale zilikaa miaka mingi, baadhi zaidi ya ishirini, katika kambi za Kiziba na Gihembe nchini Rwanda, au Nakivale na Kyangwali nchini Uganda. Kuanzia mwaka 2012 Umoja wa Mataifa uliandaa mpango wa kuwahamishia nchi za mbali makumi ya maelfu ya wakimbizi Wakongomani, na sehemu kubwa yao ilipokewa Marekani. Katika mwaka wa bajeti wa 2016 pekee walifika zaidi ya 16,000. Wakatawanyika katika miji ambayo majina yake hatukuwa tumeyasikia: Louisville, Grand Rapids, Abilene, Portland. Huko wakapata kazi za viwandani, za kukata nyama, za kufua mashuka ya hoteli, kazi za usiku ambazo wenyeji wengi hawakuzitaka.

Duka huzaliwa humo. Mara nyingi linaanzia jikoni. Mama anasafiri hadi jiji kubwa, ananunua magunia machache ya unga wa muhogo na katoni za samaki wakavu, anawauzia majirani kwa faida ndogo. Kisha zamu yake ya likelemba inafika, naye analipia chumba cha kwanza. Anajifunza yale ambayo hakuna aliyemfundisha kambini: leseni, bima, hesabu za kodi, mkaguzi wa afya anayekuja kupima baridi ya friji. Akikubaliwa kupokea kadi ya msaada wa chakula ambayo serikali huwapa wenye kipato kidogo, wateja wake huongezeka, na mara nyingi ni kadi ileile aliyoitumia yeye mwenyewe alipofika. Ndani mna sombe, fufu, mawese, makayabu, na vitenge vimetundikwa karibu na mlango. Mkongomani akiingia humo haanzi kwa kuuliza bei, huanza kwa salamu. Humo hutangazwa msiba, hukusanywa mchango wa maziko, hutafutwa mtu wa kumsindikiza hospitalini yule ambaye bado hajui Kiingereza.

Lakini tuziangalie vizuri rafu za duka hilo. Sombe iliyogandishwa na mawese mara nyingi vimetoka Afrika ya Magharibi. Makayabu ni samaki wa bahari za kaskazini. Cha Masisi hakimo. Jibini yetu ya mviringo, ambayo ujuzi wake uliletwa na wamisionari na wafugaji wetu wakaufanya kuwa wao, haimo. Hayamo maharagwe wala viazi vya milimani, wala mchele na ndizi za Walikale. Mtoto wa Masisi amejenga duka la Kiafrika upande wa pili wa dunia, na hawezi kuweka ndani yake hata kilo moja ya kile ambacho mama yake alilima. Watu walipata njia ya kufika kule, mazao hayakuipata.

Tumejiuliza: mtu huyu alipata nini kule ambacho hakukipata hapa? Hakupata akili mpya. Mama aliyebeba viazi mgongoni kutoka kijijini hadi Sake aliijua biashara kabla ya kupanda ndege. Alipata mambo matatu: barabara ambayo hakuna anayemsimamisha kumdai pesa, sheria inayompa leseni kama inavyompa mwenyeji, na jirani aliyekubali kununua kwake bila kumwuliza kabila lake. Hatusemi kwamba alipendwa na wote. Wapo waliotukanwa, wapo waliofunga duka baada ya mwaka mmoja. Hata hivyo mambo hayo matatu, hata pale yalipopungua, yaliwatosha wengi kusimama.

Turudi sasa nyumbani. Ripoti ya watafiti waliohesabu vizuizi vya barabarani katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, iliyotolewa mwaka 2017, ilitaja vizuizi karibu 800. Kila kamba iliyofungwa barabarani inadai chake, na anayelipa mwishoni ni yule anayenunua sahani moja ya maharagwe. Walikale ilikaa miaka mingi bila barabara nzuri ya kufika Goma. Ndege ndogo zilitua juu ya kipande cha lami huko Kilambo, zikashusha bia, sabuni na chakula, zikaondoka na mawe ya Bisie. Wilaya yenye rutuba ikawa inangoja chakula kutoka angani. Mwishoni mwa Januari 2025 uwanja wa ndege wa Goma nao ukafungwa, na jibini iliyozoea kupelekwa Kinshasa kwa ndege ikakosa njia hiyo.

Vizuizi hivyo vimewekwa na wenye silaha, na sisi raia wa kawaida twaweza kusema havitoki mikononi mwetu. Kipo kizuizi kingine, nacho tunakiweka sisi wenyewe.

Vita vilipowasukuma mamia ya maelfu ya watu hadi pembezoni mwa Goma, akina mama wengi kutoka Masisi walitandika gunia kando ya barabara wakauza sombe, makaa, nyanya chache. Tulisema nini juu yao? Tulisema wanatuharibia bei. Tulisema warudi kwao. Wengine wetu tulingoja jua lizame ili tununue kwa nusu bei, kwa kuwa tulijua watoto wao hawajala. Februari 2025 kambi hizo zikavunjwa, na wengi wakashika njia ya kurudi vijijini, wengine wakatafuta pa kujibanza kwa jamaa. Na huko vijijini, katika Masisi kama katika Walikale, mgeni anayefika sokoni na mzigo wake mara nyingi huulizwa kwanza lugha ya mama yake, ndipo aonyeshwe mahali pa kuweka meza, kama ataonyeshwa.

Tunajua swali hilo linaweza kufika wapi. Mwezi Machi 1993, katika soko la Ntoto, wilaya ya Walikale, watu waliuawa kwa sababu ya kabila lao. Moto ule ukavuka hadi Masisi. Ndani ya miezi michache maelfu ya watu wa makabila mbalimbali walikuwa wamekufa, na wengine wengi mno wamekimbia makwao. Sababu zilikuwa nyingi: ardhi, uraia, vyeo, na kumbukumbu ya maelfu ya watu ambao serikali ya kikoloni, kuanzia mwaka 1937, iliwahamishia Masisi kutoka Rwanda kwa mahitaji yake yenyewe. Hatuzipuuzi sababu hizo. Lakini hatuwezi kusahau kwamba pale Ntoto palikuwa soko, mahali ambapo watu walizoea kukutana kwa kuwa mmoja ana mawese na mwingine ana maharagwe.

Pengine msomaji atatuambia kwamba ulinganisho wetu si wa haki. Kule nchi ni pana na serikali ina nguvu. Hapa ardhi imebanana, na mgeni wa leo anaweza kuwa mwenye shamba wa kesho. Hofu hiyo ina msingi, wala hatumwambii mtu atoe shamba lake. Sisi tunazungumza juu ya meza ya sokoni. Meza haisogezi mpaka wa shamba, wala haiondoi jina la mtu katika daftari la mwami. Zaidi ya hayo, anayeuza anahitaji anayenunua awe hai, awe na amani, arudi kesho. Mgeni naye ana wajibu wake: kopo la kupimia lisilobonyezwa chini, bei moja kwa wote, na ushuru wa soko kama wenzake. Akiyatimiza hayo, tuna haki gani ya kumfukuza?

Tena mlango ule wa Marekani umebanwa. Januari 2025 mpango wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa, na familia zilizokwisha kujiandaa kwa safari zikabaki zinangoja. Kwa hiyo duka ambalo mama fulani angelifungua Louisville, huenda atalifungua hapa, mbele ya nyumba zetu, ikiwa tutamruhusu.

Tunapendekeza mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wetu. Vikundi vyetu vya likelemba viache nafasi kwa mama mmoja aliyehamia mtaani, hata kama hana wa kumdhamini. Kamati za masoko zigawe meza kwa utaratibu unaojulikana na kwa ushuru unaoandikwa, kabila lisiulizwe. Ndugu zetu wenye maduka ng'ambo, pamoja na pesa za msiba na za shule wanazotutumia, watufundishe jinsi walivyojifunza kupima, kuhifadhi na kufungasha, ili siku barabara itakapofunguka jibini ya Masisi imkute mtu anayejua kuifikisha mbali.

Na sisi sote, juma hili tukienda sokoni, tulitafute gunia lililotandikwa pembeni kabisa, la mtu ambaye lafudhi yake si yetu. Tumsalimu kwanza, kama Mkongomani anavyosalimu akiingia katika duka lile la mbali. Kisha tununue kwa bei ya halali, mchana, mbele ya watu.