Pampu Ikifa, Msimlaumu Mwanakijiji

Kuna maneno yasiyokosekana kwenye makabidhiano ya mradi wa kijamii, uwe Masasi au Turkana. Utepe umekatwa, ngoma imenyamaza, ndoo ya kwanza imejaa, na wapiga picha wamepata walichokifuata. Mgeni rasmi anashika kipaza sauti: “Ndugu wananchi, kisima hiki sasa ni chenu. Kitunzeni.” Vigelegele. Wafadhili wanapanda magari yao kuwahi giza. Baada ya mwaka mmoja au miwili pampu haitoi hata tone, na waliopiga vigelegele ndio wanaogeuzwa washtakiwa: hawajali, hawana uchungu, wamezoea vya bure.

Imani hii utaisikia kwa wakubwa wa serikali, kwa wahandisi, kwa madereva wa mashirika, na kwa wanachama wa klabu za kujitolea, Rotary na Lions, ambao huchimba visima, hujenga vyoo vya shule na kugawa madawati. Imeenea kiasi kwamba hata wanavijiji wenyewe siku hizi huisema, macho chini, pale mgeni anapouliza kulikoni. Mimi naiona ni kashfa wanayosingiziwa watu wasio na pa kujitetea. Na inadumu kwa sababu inamfaa anayeisema.

Nianze na mjini. Wewe unayeishi Upanga au Kileleshwa, ni lini uliitwa kwenye kikao cha kumchagua mweka hazina wa bomba la mtaa wenu? Ni lini ulipelekwa semina ya siku mbili, ukapewa spana na fulana yenye nembo, ukaambiwa bomba likipasuka ni juu yako? Hujui hata linapita wapi. Likipasuka unapiga simu, unalalamika, unalalamika tena kwa sauti kubwa zaidi, hatimaye fundi anakuja kwa sababu yupo mtu anayelipwa mshahara ili aje. Hakuna anayethubutu kukuambia kwamba bomba limepasuka kwa kuwa hukulionea uchungu. Uchungu huo tunaudai kwa mama anayelima mihogo tu, asiye na namba ya fundi, asiyejua kipuri kinauzwa wapi, na ambaye siku pampu inapokufa ndiye anayeamka alfajiri kurudi kwenye dimbwi. Kama yupo mtu mwenye uchungu na pampu ile, ni yeye.

Wazo la kijiji kujitengenezea pampu lina historia, na sehemu ya historia hiyo iko hapa kwetu pwani. Umoja wa Mataifa ulipotangaza muongo wa maji, 1981 hadi 1990, wahandisi walitafuta pampu ambayo wanakijiji wenyewe wangeweza kuifungua na kuifunga. Moja ya sehemu walizofanyia majaribio ilikuwa Kwale, kusini mwa Mombasa, na huko ndiko Afridev ilikopevuka: pampu ya mkono iliyobuniwa makusudi ifunguliwe kwa spana moja, bila winchi wala gari. Ni pampu nzuri, na imesambaa katika nchi nyingi za Afrika. Pamoja na wema wake wote, makadirio yaliyotolewa mwaka 2009 na mtandao wa wataalamu wa maji vijijini, RWSN, yalionyesha kwamba takriban asilimia 36 ya pampu za mkono kusini mwa Sahara hazifanyi kazi. Zaidi ya theluthi. Sasa tuchague: ama theluthi ya bara ni wazembe, ama kuna kitu kiliachwa nje ya hesabu.

Kilichoachwa ni fundi na kipuri. Angalia pampu inavyokufa. Kimpira ndani ya silinda kinalika, kama inavyotarajiwa, maana ni mpira na unasuguliwa mchana kutwa. Maji yanapungua, watu wanasukuma mara arobaini kupata walichokuwa wakipata kwa kumi. Siku moja yanakoma. Mwenyekiti wa kamati anaitisha kikao. Akidi haitimii kwa sababu ni msimu wa kupalilia. Kikao cha pili kinakubaliana mchango, lakini mavuno bado na fedha hazipo. Kijana aliyepelekwa mafunzo ya ufundi alihamia mjini zamani, na nani wa kumlaumu, wakati kijijini kazi hiyo ilikuwa haimlipi hata nauli? Duka lenye kipuri liko wilaya nyingine, na likiwa nacho huenda ni cha pampu ya aina nyingine, kwa sababu mfadhili wa pili alileta pampu ya kwao. Wakati wote huo watu wanateka maji mtoni. Baada ya miezi michache njia ya mtoni imezoeleka tena, na pampu imekuwa mahali pa kuanikia nguo. Hapo ndipo mgeni anafika, anaona nguo, na kuandika kwenye ripoti yake: jamii haina umiliki wa mradi.

Tunajua jinsi mambo yanavyokwenda pale kilichoachwa kinaporudishwa, kwa sababu kimerudishwa. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walikuwa Kyuso, kaunti ya Kitui, eneo kavu. Walipachika ndani ya mkono wa kila pampu kifaa kidogo kinachofuatilia mwendo wa mkono huo na kutuma taarifa kwa njia ya simu. Pampu ikinyamaza, ofisi inajua, na fundi anatoka na vipuri. Kabla ya hapo pampu mbovu ilikaa wastani wa siku 27 bila kutengenezwa. Baada ya hapo, chini ya siku tatu. Watu walikuwa wale wale, pampu zile zile. Hawakuhubiriwa uzalendo wala kupelekwa semina ya kubadili mtazamo. Na utayari wao wa kulipia ulipanda, jambo ambalo muuza duka yeyote angekutabiria: mtu hulipia kitu kinachofanya kazi.

Kwa nini basi klabu zetu hazikukimbilia mfano huo? Sina ugomvi na moyo wa wanachama wake. Ni madaktari, mawakili, wafanyabiashara, watu wa benki, wanaotoa saa yao ya chakula cha mchana na ada kutoka mfukoni. Wapo wanaokimbia marathoni ya Rotary pale Dar es Salaam kila Siku ya Nyerere ili kuchangisha fedha, na wengine, kusema kweli, hawakuumbwa kwa ajili ya kukimbia. Tatizo liko kwenye kalenda. Mwaka wa Rotary huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Lions nao hivyo hivyo. Rais wa klabu kwa kawaida hukaa mwaka mmoja, kisha anamvisha mwenzake mkufu. Katika miezi kumi na miwili lazima abuni mradi wake, atafute fedha, ajenge, azindue, apige picha. Rais anayetumia mwaka wake kukarabati visima vya marais watatu waliomtangulia atakuwa amefanya kazi bora kuliko wote, na kwenye sherehe ya kuagwa hatakuwa na kitu cha kuonyesha.

Utaratibu wa fedha nao unasukuma upande huo huo. Ruzuku kubwa za Wakfu wa Rotary zinataka klabu za nchi mbili zishirikiane, ya mwenyeji na ya nje, kwa mradi wa kuanzia dola 30,000. Wakfu wenyewe unadai tathmini ya mahitaji na mpango wa uendelevu, na hilo ni jema. Lakini fedha hizo hazitolewi kulipia uendeshaji wa kawaida wa taasisi nyingine. Kwa hiyo uendelevu unaandikwa kwenye fomu kwa sentensi inayotokea kila mahali: jamii itaunda kamati. Mzigo mzito kuliko yote katika mradi mzima unatuliwa juu ya watu maskini kuliko wote waliohusika, bila mshahara, na kimya kimya. Wana-Rotary wana maswali manne ya kupimia mwenendo wao, yaliyotungwa na Herbert Taylor wa Chicago mwaka 1932. La pili linauliza kama jambo ni la haki kwa wote wanaohusika. Ningependa kusikia likiulizwa kwa sauti pale fomu hiyo inapotiwa saini.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba Rotary wanajua kufanya vizuri kuliko hivi. Kazi yao kubwa kuliko zote imekwenda kinyume kabisa na imani ninayoipinga. Mwaka 1979 walianza na watoto wa Ufilipino, wakawapa chanjo ya polio. Mwaka 1985 wakaifanya ajenda ya dunia, na mwaka 1988 Shirika la Afya Duniani na wengine wakajiunga, wakati ugonjwa huo ulikuwa ukipoozesha watoto wapatao 350,000 kila mwaka katika nchi 125. Leo idadi hiyo imepungua kwa zaidi ya asilimia 99, na tarehe 25 Agosti 2020 kanda ya Afrika ilithibitishwa kuwa huru na virusi vya asili vya polio. Rotary wametoa zaidi ya dola bilioni 2. Marais wa klabu wamekuja na kwenda kila Julai, na kila mmoja aliikuta polio mezani na kuiacha mezani.

Je, katika miaka yote hiyo kuna aliyewakabidhi wananchi chanjo na kuwaambia waitunze? Mama hakuundiwa kamati ya friji. Kulikuwa na mtu wa kubadilisha barafu kwenye kasha, mtu wa kusoma kibandiko kwenye chupa kinachobadilika rangi chanjo ikipata joto, mtu wa kupita nyumba kwa nyumba akiandika mlangoni kwa chaki na kumpaka mtoto wino kidoleni ili ijulikane nani amepata na nani bado. Kulikuwa na maabara ya kupokea choo cha kila mtoto aliyelegea viungo ghafla. Na hata baada ya ushindi kutangazwa, hawakufungasha. Februari 2022 Malawi ilipothibitisha kwamba mtoto wa Lilongwe alikuwa amepoozeshwa na kirusi chenye asili ya Pakistani, mwezi uliofuata Tanzania ilikuwa tayari inachanja katika mikoa minne ya mpakani: Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma. Kirusi kilionekana kwa sababu walikuwepo watu wanaolipwa kukitazama, mwaka baada ya mwaka, hata pale kilipokuwa hakionekani.

Nikubali kwamba ipo misaada inayokwisha ikishatolewa. Lions, ambao Helen Keller aliwapa changamoto ya kuwatumikia vipofu mwaka 1925, wamefadhili upasuaji mwingi wa mtoto wa jicho. Lenzi ikishawekwa, mzee anaona, anakwenda zake shambani. Ila ni kosa kudhani kisima ni kama lenzi. Hata jicho lenyewe linahitaji hospitali yenye daktari anayekuwepo Jumatatu, ndiyo maana kule Loresho, Nairobi, Lions wana hospitali ya macho.

Na tukirudi nyuma kabisa, mradi wa kwanza wa Rotary kwa umma ulikuwa vyoo. Chicago, mwaka 1907: mwanzilishi wa Rotary, Paul Harris, na wenzake walitaka jiji liwe na vyoo vya umma. Walipingwa na watengenezaji wa bia, waliodai kila baa ina choo, na wenye maduka makubwa, waliodai kina mama wanaweza kutumia vya madukani. Wao wakajibu kwamba huwezi kumlazimisha mtu anunue bia ili ajisaidie. Wakaibana serikali ya jiji mpaka ikakubali. Waliupeleka mzigo kwa mwenye kodi, mwenye mfagizi na mwenye wajibu wa kuwepo kesho. Klabu iliyojaa mawakili na watu wenye namba ya simu ya mkuu wa wilaya ingeweza kufanya hivyo hapa pia. Tanzania tunayo RUWASA tangu 2019, yenye jukumu la maji vijijini. Kuikalia kooni kuhusu stoo ya vipuri ni mradi, ingawa hauna utepe.

Najua jibu litakalokuja: ukimtengenezea pampu kila inapoharibika, unamfanya mwanakijiji mtegemezi. Mtegemezi wa nini? Wa fundi? Mimi ni mtegemezi wa fundi umeme, wa fundi gari na wa mtu wa maji wa DAWASA, na hakuna aliyewahi kunihurumia. Isitoshe, wanavijiji wanalipa. Baada ya jaribio la Kyuso ilianzishwa kampuni ya FundiFix, ikihudumia Kitui na kule kule Kwale: vijiji vinajiandikisha, vinalipa ada ya kila mwezi, na pampu ikilala fundi anakuja. Hesabu yake iko wazi na haina mapambo. Ada peke yake haikidhi gharama zote, kwa hiyo upo mfuko wa matengenezo unaojazia kinachopungua.

Pengo hilo ndilo lililo saizi ya klabu. Halihitaji dola 30,000 kwa mkupuo, linahitaji fedha kidogo zinazofika kila mwaka bila kujali nani amevaa mkufu. Klabu yenye visima kumi vya zamani ingetuma watu wawili Jumamosi moja wakavihesabu vinavyotoa maji kabla ya kuchimba cha kumi na moja, ikaingia mkataba na mafundi wa wilaya, ikalipa sehemu ya bili na kuacha kijiji kilipe sehemu yake. Na kibao, kwa kuwa najua hakiepukiki, kiandikwe namba ya simu ya fundi pale panapoandikwa jina la rais.